Kiti cha Sita

Jumanne usiku, Ngara, juu ya duka la vipuri,
tunajifunza kutazama.
Mwalimu Ochwada hutundika shuka ukutani,
shuka la hospitali; muhuri wake
humwangukia kila mwigizaji begani kama kovu la chanjo.
"Msiniambie hadithi," husema. "Hadithi hata kinyozi anayo.
Niambieni kamera imesimama wapi
na kwa nini haikusogea."

Tumepita Madrid, tumepita Meksiko,
tumewasoma mabwana waliofanya kazi
mkasi wa serikali ukiwapumulia kisogoni:
busu likikatwa, wakaonyesha mlango ulioachwa wazi,
jina likikatazwa, wakaonyesha kiatu.
Nimeandika haya kwa kalamu ya kijani.
"Kiatu" nimekipigia mstari.

Wiki hii ni Mwajentina mmoja
ambaye Ochwada humtaja kwa sauti ya chini, kama deni.
Dakika tisa za meza ya chakula.
Watu watano, viti sita. Supu inapoa.
Mwalimu akaisimamisha picha, akaandika ubaoni: *silla*.
"Tamkeni: siya."
Siya, tukaitika, sisi kumi na mmoja.
Insha: maneno elfu mbili, juu ya kiti.

Nikaibeba filamu kwenye flashi hadi Umoja
kwa Mama, aliyehitimu Meksiko kabla yangu:
miaka ile, saa moja unusu, jiko la makaa mlangoni,
akitazama matajiri wakizabana makofi
kwa Kiingereza kisichowakaa midomoni.
Alijua nani mtoto wa nani
kabla mtoto mwenyewe hajajua.
Nikamwambia, hii si kama zile, Mama. Hii ni sanaa.
Akasema, haya,
akaendelea kuchambua mchele.

Tafsiri zilichelewa. Sekunde nne, labda tano.
Mwanamke afunge dirisha, aondoke,
ndipo chini ya dirisha tupu itokee:
*Kuna baridi humu.*
Nikahangaika na vitufe. "Wacha," akasema Mama.
"Habari za kweli huja hivyohivyo."

Ikafika meza.
Nikaanza kueleza, nilikuwa na neno, "utupu,"
nilikuwa na jingine, refu zaidi,
tokeni zikaisha.

Giza. Friji ikakata pumzi.
Kwa jirani mtu alikuwa akikaanga vitunguu.
Na Mama, bila kuulizwa:
"Wanamwekea sahani."
Mimi sikuona sahani.
"Ipo. Imefunikwa kwa kitambaa.
Hata sisi tulimwekea Mukhwana.
Bibi yako alisema ugali ukilala si hoja, kuku watakula,
ila asije akarudi
akakuta tumeshazoea."

Mukhwana gani?
Miaka ishirini na sita, jina hilo
halikuwahi kukanyaga nyumba yetu.
Kimya. Sekunde nne, labda tano.
"Kaka yangu. Alikuja mjini kufuata mshahara wake wa ualimu.
Gari jeupe. Wanaume wawili, wenye adabu,
walimsalimu kwa majina yote matatu."
Nikasikia mchele ukirudi kwenye ungo, punje kwa punje.
"Mwalimu wenu anakiitaje kile kiti?"
Siya.
"Si ya nani?"
Sikucheka. Naye hakuwa akitania.

Insha ilirudi na wino mwekundu ukingoni:
*Kuhusu sahani: umesoma wapi? Taja marejeo.*
Nikataja:
Nasambu, R. Mazungumzo. Umoja, sebuleni,
tokeni zikiwa sufuri.

Filamu hatujaimaliza.
Kila nikipiga simu, baada ya salamu, baada ya bei ya unga,
anauliza kama yule mzee
mwishowe aliinywa supu yake.
Nimemwambia Jumapili.
Nimenunua za mia tano.